Breki haina sapu

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi. Sababu ya kwanza ni tesi zilizopangwa kama mabehewa ya treni. Sababu ya pili ni jambo nililokuwa najiuliza niliandike au nilimeze. Nimeamua kuliandika. Kwa hiyo leo hakuna stori ya lekcha wala ya foleni ya kafteria. Leo ni breki za baiskeli, zile za diski, na kabla hujanicheka soma mpaka chini. Hoja yangu ni moja na nitaisimamia: breki ya diski haikazwi, inasetiwa. Na wa kuiseti ni wewe unayepanda.

Mnaonifahamu mnajua nina mountain bike ya mtumba, niliyoinunua bumu la kwanza lilipotoka, wakati wenzangu wananunua simu. Ina diski mbele na nyuma, za waya, siyo za majimaji. Siku naiingiza hosteli watu walitoka vyumbani kuja kuishangaa. Mmoja akauliza, "Yaani hujamaliza hata semista moja, tayari umeshadisko?" Kwa msio wanachuo, kudisko ni kufukuzwa chuo kwa kufeli. Tulicheka sana. Nikawa najibu kwamba diski yangu ndo inanizuia nisifike huko kubaya.

Sasa sikia. Jumamosi moja rumet wangu aliomba baiskeli. Yeye na washkaji zake walitaka kupanda Uluguru kwa njia ya Morning Side halafu washuke mpaka mjini. Akaniuliza swali la mtu mwenye akili, "Breki ziko poa?" Nikamjibu bila hata kuinua kichwa kwenye handout, "Ziko poa, nimezikaza jana."

Ni kweli nilizikaza jana yake. Nilivuta waya wa breki ya nyuma, nikabana nati, nikaminya mkono kwenye usukani, ukawa mgumu. Nikaridhika. Ya mbele nilikuwa nimeilegeza makusudi tangu mwanzo, maana tangu utotoni tumeambiwa breki ya mbele inabinua mtu.

Wakati wa kushuka, kwenye kona moja yenye mawe, jamaa alivuta breki. Anasema mkono ulikuwa mgumu vilevile kama siku zote, lakini baiskeli haikusimama. Ikazidi kuongeza kasi. Akaona bonde kulia na mtaro kushoto, akachagua mtaro. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, mkono wa kuandikia, UE zikiwa zimebaki wiki tatu.

Nilipokwenda kumwona wodini alinipa mkono wa kushoto akasema, "Usijali bwana, ajali haina kinga." Ndo maneno yanayonifanya niandike. Maana nilirudi rumu, nikaigeuza ile baiskeli miguu juu, nikaanza kufungua, na nilichokiona ndani kilinionyesha kwamba ajali hii kinga ilikuwa nayo. Ilikuwa ni kazi ya nusu saa na spana mbili tatu. Mimi ndo sikuifanya.

Ngoja nieleze, kwa sababu usipoelewa kinachotokea mle ndani utaendelea kukaza tu kama mimi.

Breki ya diski ya waya ina kalipa, kile kidude kilichokumbatia diski karibu na ekseli. Ndani yake kuna pedi mbili (najua mtacheka, cheka upesi tuendelee). Pembeni ya kalipa kuna kimkono kidogo kinachovutwa na waya. Ukiminya mkono wa breki kwenye usukani, waya unavuta kimkono, kimkono kinazunguka, na kule ndani mzunguko huo unasukuma pedi ya nje ielekee kwenye diski. Kwenye kalipa nyingi za waya pedi inayotembea ni hiyo moja tu. Ya ndani, iliyo upande wa njiti za gurudumu, imesimama. Diski inasukumwa, inapinda kidogo sana, mpaka inabanwa katikati ya pedi mbili. Hapo ndo unasimama.

Pedi zinaisha zote mbili. Zikiisha, nafasi kati ya pedi na diski inaongezeka pande zote. Unaminya mkono, unaona unakwenda mbali kabla breki haijashika. Unafanya nini? Unakaza waya. Kila mtu anakaza waya. Fundi wa kijiweni anakaza waya, mimi nikakaza waya.

Tatizo ni kwamba kimkono kina safari yake, na safari hiyo ina mwisho. Ukikaza waya hujaisogeza pedi ya ndani hata kidogo, na ile ya nje umeisogeza kwa kukiwekea kimkono mahali papya pa kuanzia. Kilipaswa kuanza mwanzo wa njia, sasa kinaanzia katikati. Wiki ijayo unakaza tena, kinaanzia robo tatu. Kila ukikaza unakula mtaji. Ipo siku mtaji unaisha: kimkono kinagonga mwisho wake kabla pedi haijabana diski sawasawa. Na hapo mkono kwenye usukani unakuwa mgumu kabisa! Mgumu kuliko hata siku breki ilipokuwa nzima, maana unachovuta sasa ni chuma kilichogota kwenye chuma.

Ndo maana nilipominya pale hosteli niliona poa. Ndo maana jamaa alivuta kwa nguvu zake zote na baiskeli ikaendelea. Kile kipimo chetu cha kuminya mkono baiskeli ikiwa imesimama, halafu unasema "iko ngumu, twende", hakipimi breki. Kinapima waya.

Basi kazi yenyewe inafanywa hivi. Nimeifanya mara nyingi sasa na nimewafundisha watu wanne hapa block yetu, hakuna aliyeshindwa.

Anza na gurudumu. Simamisha baiskeli chini, legeza ekseli, acha gurudumu likae lenyewe mpaka mwisho wa tundu zake, kisha bana vizuri. Gurudumu likikaa upande, diski nayo inakaa upande, na utaiseti breki kwa kufuata uongo. Angalia boliti zinazoshika diski kwenye habu. Diski nyingi zina sita, na mara nyingi vichwa vyake vinahitaji spana ya nyota. Zikaze. Halafu zungusha gurudumu uangalie diski ikipita kwenye kalipa. Ikiyumba kidogo, inyooshwe taratibu na spana safi. Usiweke kidole kwenye diski inayozunguka, inakata kama kisu, na ukitoka kushuka mlima usiishike, inaunguza.

Pili, zichungulie pedi. Nyama iliyobaki juu ya kile kibati chake ikifika nusu milimita, hizo zimekwisha, usijadiliane nazo. Diski nayo inalika. Za Shimano kwa mfano huwa na unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya, na zikifika 1.5 zinatakiwa kubadilishwa.

Tatu, na hapa ndo watu wanaruka: legeza waya kabisa. Achia nati inayoushika, kimkono kirudi mpaka mwanzo wa safari yake. Ile ajasta ndogo ambako waya unaingilia izungushe mpaka ndani, kisha irudishe nje raundi moja au mbili. Sasa umerudishiwa mtaji wako wote.

Nne, legeza zile boliti mbili zinazoshika kalipa, kiasi cha kalipa kuweza kucheza kushoto na kulia. Tafuta skrubu ya kusogezea pedi. Baadhi ya kalipa zinayo pande zote mbili, kama Avid BB7, na nyingine zinayo upande wa ndani tu. Zungusha skrubu mpaka pedi zote mbili ziishike diski. Kama ya nje haina skrubu, kisukume kimkono kwa mkono wako mpaka pedi yake ishike. Kalipa itajipanga yenyewe ilingane na diski. Ikiwa katika hali hiyo, kaza boliti zake mbili kidogokidogo kwa zamu, ili isijikunje. Zikishakaza, rudisha pedi nyuma taratibu mpaka gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Nafasi inayobaki ni kama unene wa karatasi mbili tatu za handout, siyo zaidi. Pedi ya ndani ikae karibu kabisa na diski, maana yenyewe haitembei, na ikiwa mbali, diski italazimika kupinda sana kuifuata.

Tano, rudisha waya. Uvute kiasi cha kuondoa ulegevu tu, usikinyanyue kimkono kutoka mwanzo wake. Bana nati. Minya mkono kwa nguvu mara kumi hivi, waya na kava lake vikae sawa, halafu ondoa ulegevu uliojitokeza kwa ile ajasta. Kazi ya ajasta ni hiyo tu.

Kuanzia siku hiyo pedi zikiendelea kulika unazifuata kwa skrubu za pedi, siyo kwa waya. Kama kalipa yako ina skrubu ya ndani tu, hiyo ya nje itabidi uifuate kwa ajasta kidogo, sawa, lakini kila mara mwangalie kimkono anaanzia wapi. Ukiona kimenyanyuka, kazi imeanza upya. Na ukiweka pedi mpya, usiende nazo mlimani siku hiyohiyo. Tafuta sehemu tambarare, kimbia, punguza mwendo mpaka karibu kusimama bila kufunga gurudumu, kimbia tena. Mara ishirini hivi. Pedi mpya haishiki mpaka iizoee diski.

Haya, hiyo ndo kazi. Sasa tubishane.

Kuna watakaosema, "Mimi nasoma, mimi si fundi, nampelekea fundi namlipa." Sina ugomvi na mafundi. Fundi wa kijiweni amenisaidia mengi, na njiti zangu anazinyoosha kwa sikio tu kama mpiga gitaa. Lakini mafundi wengi walijifunzia kwenye baiskeli za breki za fito na za mipira, na kule kukaza kidogo kulitosha. Ukimpelekea diski na kumwambia "kaza", anakaza, kwa sababu ndicho ulichoomba. Tena kuna mmoja alinipulizia oili kwenye diski ili iache kupiga kelele. Kelele ziliisha na breki nayo ikaisha. Pedi ikishanyonya mafuta kwa kawaida haifai tena, na diski lazima isafishwe kwa spiriti. Kama hujui breki yako inavyofanya kazi, utajuaje kwamba umetengenezewa au umeharibiwa? Utaambiwa iko poa, utaminya, itakuwa ngumu, utalipa.

Wengine watasema dawa ni kununua za majimaji. Nazikubali, ni nzuri. Zina nguvu, na pedi zikilika zinajisogeza zenyewe. Ila siku zikiingia hewa unahitaji vifaa vya kuitoa na mafuta ya aina yake. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini, aina nyingine zinatumia DOT kama ya magari, na ukichanganya unaua mipira ya ndani. Hapa mji kasoro bahari waya wa breki unaupata kila kona ya soko. Mafuta hayo ya madini nimeyatafuta mpaka nikachoka. Halafu hata hizo za majimaji hazikuletei pedi mpya dukani. Lazima uchungulie tu.

Na hili la breki ya mbele. Jamani, tumedanganyana vya kutosha. Baiskeli ikipunguza mwendo uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na linateleza mapema. La mbele ndo lenye kukanyaga ardhi, na ndo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Ni kweli ukiikamata kwa pupa huku umekaa mbele mbele itakubinua. Dawa ni kujifunza: kidole kimoja au viwili, minya polepole, sogeza makalio nyuma, isitumike ukiwa umekata kona kwenye kokoto. Kuilegeza kama nilivyofanya mimi ni sawa na kuuza godoro kwa kuogopa kunguni.

Hebu piga hesabu ya kidato. Mtu na baiskeli tuseme kilo 90. Ameshuka mlima wa meta 300 kwenda chini. 90 mara 9.8 mara 300, unapata karibu jouli 265,000. Upepo utachukua sehemu, lakini kwenye njia mbaya ambayo unashuka polepole, sehemu kubwa inaishia kwenye breki kama joto. Joto hilo linatosha kuchemsha maji ya bomba zaidi ya robo tatu ya lita, chai ya vikombe vitatu. Mimi mzigo huo wote niliupeleka kwenye pedi mbili za nyuma zilizokuwa zimebaki kibati, halafu nikasema "ziko poa".

Hapo ndo naugusa ule msemo wa ajali haina kinga. Nauheshimu, wazee hawakuusema bure. Kuna mbuzi anayeruka barabarani, kuna dereva anayesinzia, kuna jiwe linaloporomoka na mvua za masika. Hizo sawa. Lakini tumeufanya kuwa blanketi la kufunikia uvivu wetu. Bodaboda haina breki, ajali haina kinga. Daladala tairi kipara, ajali haina kinga. Mimi nikamwazima mtu baiskeli ambayo sijui ndani yake kuna nini, akavunjika, na yeye mwenyewe, aliyevunjika, akanifunika na blanketi hilohilo ili nisijisikie vibaya. Nimelikataa. Nimemwambia ukweli, kwamba breki ilikuwa yangu na kosa lilikuwa langu. Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo ungeangalia ungeona?" Nikamwambia ndiyo, ningeona kwa dakika mbili. Hakusema kitu tena siku ile. Kwa kweli kimya chake kiliniuma kuliko angenitukana.

UE zake hakuzifanya. Ameruhusiwa kuahirisha kwa sababu ya ugonjwa, atazifanya wakati wenzake wakiwa likizo. Kwenye mitihani basi kuna kuahirisha, kuna sapu, kuna hata kurudia mwaka. Kwenye kona ya Morning Side hakuna. Kule unafanya mara moja na majibu yanatoka palepale.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla ya kupanda, na hasa kabla ya kumwazima mtu, fanya mambo matatu. Kiangalie kimkono cha kalipa: kimeanzia mwanzo au kimeshanyanyuka? Zichungulie pedi: zina nyama? Halafu isukume baiskeli kwa kasi huku unatembea pembeni, minya breki moja moja: ya mbele ikishika, nyuma inyanyuke; ya nyuma ikishika, gurudumu lifunge na kuburuzika. Isipofanya hivyo, hata mkono ukiwa mgumu kama jiwe, hiyo siyo breki. Mwambie mwenzako ukweli, apande bodaboda au akae nyumbani.

Plasta imetolewa Jumatano iliyopita. Jana jioni jamaa alinikuta nje nikiosha diski kwa spiriti. Akachuchumaa, akachukua ile spana kwa mkono wa kulia, akajaribu kuizungusha skrubu ya pedi. Kifundo bado hakina nguvu, skrubu ilimgomea. Nilitaka kumpokea, akanikatalia, akahamishia mkono wa kushoto akaimaliza yeye. Kisha akazungusha gurudumu, tukasikiliza wote wawili. Halikukwaruza.

Naomba kuwasilisha. Kesho nina presentation saa mbili asubuhi na hata slaidi ya kwanza sijaigusa. Tuonane panapo majaliwa, na wenye diski mkaziangalie leo, siyo kesho.